Picha Inapochukua Nafasi ya Sindano

Mgonjwa anayetoka Kilolo au Mufindi, mkoani Iringa, na uvimbe chini ya mbavu za kulia huanzia kwenye ultrasaundi. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na hakina mionzi, lakini aghalabu huishia kusema kuna uvimbe. Ni uvimbe gani, hakisemi. Zamani jibu lilitafutwa kwa sindano: kinyama kinatolewa kwenye ini, kinapelekwa maabara. Kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri, hilo si jambo dogo.

CT scan zenye kasi ndizo zilizobadilisha mambo. Robo tatu hivi ya damu ya ini hutoka tumboni kupitia mshipa wa porta. Iliyobaki huja kwa ateri. Saratani iliyozaliwa ndani ya ini hujilisha zaidi kwa ateri. Kwa hiyo dawa ya kung'arisha picha (kontrasti) ikichomwa mshipani na picha ikapigwa baada ya sekunde 35 hivi, uvimbe unang'aa na ini bado limefifia. Dakika chache baadaye ini ndilo linalong'aa, uvimbe umefifia. Mashine ikichelewa, ushahidi umeshapita.

Miongozo ikafuata mashine. Wataalamu wa Ulaya waliokutana Barcelona mwaka 2000 walikubali kinyama kiachwe kwa uvimbe unaozidi sentimita 2, mradi vipimo viwili vya picha vikubaliane. Mwaka 2005 Wamarekani waliridhika na kimoja kwa uvimbe wa ukubwa huo; kufikia 2010, kimoja kilitosha kuanzia sentimita 1.

Sharti moja halikuondoka: picha inaaminiwa hivyo kwa mtu mwenye makovu ya ini au homa ya ini B sugu tu. Kwa wengine, sindano bado inahitajika. Kwetu sharti hili ni zito, maana chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi walizaliwa kabla yake na hawajui hali zao. Tena mahindi yaliyowekwa ghalani na unyevu huota ukungu wa sumukuvu, mshirika mbaya wa kirusi cha homa hiyo katika kuleta saratani ya ini.

Basi ukipewa rufaa kutoka Iringa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, beba majibu ya homa ya ini na CD yenye picha zote, si karatasi ya ripoti peke yake. Uliza pia kama picha zilipigwa kwa awamu, yaani mapema na tena dakika chache baada ya kontrasti. Zikiwa za awamu moja, jiandae kurudi kwenye mashine.