Tazama Ufa Kabla ya Urefu

Ukitoka Shinyanga kwenda Mwanza kwa barabara, kadiri unavyokaribia ziwa ndivyo vilima vya graniti vinavyozidi, majabali yakiwa yamebebana. Wasafiri wengi hupiga picha na kupita. Kwa maoni yangu, anayetaka kujifunza kupanda miamba kwa kamba hana haja ya kuanzia mlima mrefu. Jabali la mita kumi na tano lenye ufa mzuri linamtosha.

Graniti hii ilipoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Miamba iliyoifunika ilipomomonyoka, mzigo ulipungua, jiwe likatanuka na kupasuka. Maji yakapenya nyufani, yakala pembe, yakaacha mabonge ya mviringo tunayoyaona leo. Nyufa zilizobaki ndizo riziki ya mpandaji wa kimapokeo, yule asiyetoboa mwamba wala kupigilia chuma. Anayetangulia hupachika kabari ufani na kupitisha kamba. Anayefuata huzichomoa zote, na jiwe hubaki kama lilivyokuwa.

Vilima vya Geita ni habari nyingine. Dhahabu nyingi ya pale imo katika miamba ya chuma yenye matabaka, iliyokunjwa na kuvunjwavunjwa. Mipasuko hiyo ilipitisha maji ya moto yaliyobeba dhahabu, ndiyo maana mchimbaji anaithamini. Mpandaji hawezi kuitegemea kwa sababu jiwe lake hukatika vipande, na pembeni huenda kuna shimo la wachimbaji lililoachwa wazi. Kajifunzie kwenye graniti.

Kwa mwanafunzi natafuta uso uliolala kidogo, ambapo miguu hubeba uzito na soli ya mpira hung'ang'ania chembe za jiwe. Ufa uwe wima, mikono ifike ndani, na upande wa nyuma kuwe na njia ya kushuka kwa miguu. Kisha tunasimama chini na kuusoma ufa. Kabari hukaa vizuri pale ufa unapopungua upana kuelekea chini: unaiingiza juu palipo pana, unaishusha hadi inase, unaivuta kwa nguvu kuelekea chini, halafu unatazama kama pande zake zote mbili zimegusa jiwe. Ikigusa kwa ncha tu, itoe utafute nyingine. Ufa wenye kuta sambamba hauishiki kabari; huo unahitaji kifaa cha meno yanayofunguka kwa springi, kilichobuniwa na Mmarekani Ray Jardine na kuanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Si lazima mwanafunzi aanze na hicho. Kabari humfundisha kutazama jiwe.

Gonga mwamba kwa ngumi kabla ya kuuamini. Sauti nzito ni dalili njema. Ikilia kama debe tupu, ujue hilo ni ganda lililoachana na jabali, na kabari ikivutwa nyuma yake inaweza kulibandua lote. Kuwa mwangalifu zaidi mahali wapasua kokoto walipowasha moto, kwani joto hupasua graniti tabaka kwa tabaka, na weusi wa moshi husalia kama onyo.

Kabla ya kufungua kamba, nenda kwanza serikali ya kijiji. Tangu mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, maeneo mengi yamerudishwa kuwa ngitili, yaani malisho na miti inayohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma, na kilima unachokitaka huenda kimo ndani yake au ni mahali pa matambiko. Wenyeji ndio watakaokuonyesha pia ufa wenye nyuki.

Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na inafaa zaidi, ila panda asubuhi, kwa maana jiwe la mchana huunguza vidole. Msimu wa mvua, radi za Kanda ya Ziwa huja haraka. Ukisikia ngurumo hata kwa mbali, ondoka kileleni, shuka hadi chini na ukae mbali na miti mirefu, hata kama kabari zako bado zimo ufani.