Katoka ICU, mbona hawezi kushika kikombe?

Barazani nimeyasikia mara nyingi: fulani katoka ICU, lakini hata kikombe hakishiki, basi kapooza, au karogwa. Kiharusi aghalabu hushika upande mmoja. Udhaifu huu hulegeza mikono na miguu yote, na uso kwa kawaida husalimika. Maambukizi yaliyoenea mwilini huumiza neva na misuli, na kulala bila kujongea huzidisha. Utafiti wa London uliochapishwa 2013 ulipima msuli wa paja: kufikia siku ya 10 ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Siku kumi tu! Kwa hivyo msingoje mgonjwa arudi nyumbani. Angali kitandani, muulizeni daktari iwapo mazoezi ya viungo yanaweza kuanza. Nyumbani, huenda ikapita miezi kabla hajakwenda msalani peke yake.