Hekalu Kwanza au Shamba Kwanza?

Ikikaribia Ramadhani au Pasaka, kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku ughaibuni mada hii haikosi kuzuka: dini ilianza lini, na nani aliianzisha? Mmoja atasema tuliletewa na wageni. Mwingine atamjibu kwamba babu zetu walikuwa na Mungu wao kabla meli yoyote haijatia nanga. Wa tatu atatuma video ndefu ambayo hakuna atakayeitazama hadi mwisho. Kwa maoni yangu, ubishi wenyewe unaanzia pasipofaa, kwa sababu tunatafuta mwanzilishi na kitabu, ilhali ushahidi wa zamani kabisa tulio nao ni wa watu wanaotenda jambo. Walichokuwa wakiamini hawakukiandika popote.

Tuanze Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi, kilomita kama 15 kutoka pwani ya Kenya, wachimbaji walikuta shimo dogo lenye mifupa laini mno, ikabidi waipige plasta na kuitoa pamoja na udongo wake. Ilipelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha maabara huko Burgos, Hispania. Ndani yake alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Watafiti wakampa jina la Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ya juu ilivyokaa inaonyesha kuwa alifungwa kwenye kitu fulani, majani au ngozi, na kichwa chake huenda kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2021, na hilo ndilo kaburi la zamani zaidi linalojulikana barani Afrika. Je, hiyo ni dini? Sitathubutu kusema hivyo. Mtu anaweza kumzika mwanawe kwa uchungu tu, bila kuwaza habari za ahera. Lakini kuna aliyechimba, akafunga, akalaza, na mazishi hadi leo ni shughuli ambayo dini chache sana huiacha ipite bila kutia mkono.

Sasa twende kusini mashariki mwa Uturuki, karibu na mji wa Şanlıurfa, kwenye kilima kiitwacho Göbekli Tepe. Watafiti walipita hapo mwaka 1963, wakaona vipande vya mawe, wakadhani ni makaburi ya zama za kati, wakaendelea na safari. Mwaka 1994 akafika Mjerumani Klaus Schmidt, akaangalia mawe yale yale na kugundua kwamba ni vichwa vya nguzo zilizofukiwa. Uchimbaji ulianza mwaka uliofuata, na Schmidt aliusimamia mpaka alipofariki mwaka 2014.

Nguzo hizo ni za mawe ya chokaa, zina umbo la herufi T, na zimepangwa kwa duara huku mbili kubwa zikisimama katikati. Kubwa kabisa zina urefu wa mita tano na nusu hivi na uzito wa tani kadhaa. Zimechongwa mbweha, nyoka, nge, tumbusi na nguruwe-mwitu. Ukiziangalia vizuri zile za katikati, utaona mikono imeshuka ubavuni, vidole vikikutana tumboni juu ya mkanda, na chini ya mkanda inaning'inia ngozi ya mbweha. Kumbe ni watu, ila hawana uso.

Kilichowashtua wataalamu ni umri wake. Kazi ilianza kama mwaka 9500 KK, kabla ya vyombo vya udongo, kabla ya chuma, kabla ya gurudumu. Mifupa iliyokutwa hapo ni ya swala na ng'ombe-mwitu, na nafaka ni za porini. Vitabu vya shule vilikuwa vimetufundisha mpango mmoja: kwanza kilimo, halafu vijiji, halafu ziada ghalani, ndipo wakapatikana makuhani na mahekalu. Schmidt akaupindua. Kwake, watu walikutana kwanza kwa ajili ya ibada, na haja ya kulisha umati wa wajenzi ndiyo iliyowasukuma kwenye kilimo. Haikuwa hoja ya kubeza: uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1997 ulikuwa umeonyesha kuwa aina moja ya ngano ya kale iliyolimwa na binadamu ina asili yake kwenye milima ya Karacadağ, si mbali na hapo.

Hoja hiyo ilipendwa mno, pengine kuliko ilivyostahili. Mwaka 2011 mwanaakiolojia Ted Banning aliuliza kwa nini majengo yale yasiwe nyumba za watu, zilizopambwa sana. Wachimbaji waliofuata wamekuta makazi ya kawaida, mifereji ya kukinga maji ya mvua na maelfu ya mawe ya kusagia nafaka. Kwa hiyo watu waliishi pale pale, wakasaga, wakala na, naamini, wakaabudu. Sisi ndio tunaotenganisha nyumba ya ibada na jiko.

Wengine hawakujenga kitu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hawana hekalu wala kuhani. Wana ngoma ya epeme, inayochezwa usiku usio na mwezi: wanaume wanaingia mmoja mmoja, njuga mguuni na manyoya ya mbuni kichwani, wanawake wakiimba gizani.

Hapo ndipo napata shida na nadharia kubwa kubwa. Mwanasaikolojia Ara Norenzayan, katika kitabu cha mwaka 2013, alisema miungu inayotazama matendo ya watu na kuwaadhibu ndiyo iliyowezesha jamii kubwa za watu wasiofahamiana kuaminiana. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature hoja ya kinyume: jamii kubwa zilitangulia, miungu ya aina hiyo ikafuata. Wakosoaji wakabaini kwamba pale ambapo hapakuwa na taarifa, watafiti walihesabu kuwa mungu huyo hakuwapo, na sehemu nyingi kati ya hizo ni za enzi ambazo maandishi hayakuwapo. Makala ikaondolewa mwaka 2021. Kwa hesabu ya namna ile, Mhadzabe aliyecheza epeme karne nyingi kabla ya kutembelewa na mtu mwenye daftari angeandikwa kuwa hana dini.