KWA BAISKELI KUTOKA KASESE HADI BWERA

Uholanzi ni nchi ndogo, tambarare mithili ya mkeka uliotandikwa, na wenyeji wake, ambao ni kiasi cha milioni 18, wana baiskeli zaidi ya milioni 20. Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo tangu mwaka 2010 hadi 2024, alizoeleka kuonekana akienda kazini juu ya baiskeli. Ifikapo mwisho wa juma, mzee na kijana hutoka wakapita polepole kando ya mifereji, wakatua katika miji ya kale kama Delft na Leiden, wakanywa kahawa, wakatazama majengo ya mababu zao, kisha wakarejea makwao. Hawashindani na mtu. Chama chao cha waendesha baiskeli kiliundwa mwaka 1883, na mpaka leo kingali hai, ingawa siku hizi kimejishughulisha zaidi na wenye magari.

Ndugu msomaji huenda akauliza, mambo hayo yamhusu nini askari wa Uganda? Yamhusu, kwa sababu nasi tunayo nchi yetu tambarare, nayo iko mahali ambapo wengi hawaitazamii kuwapo: chini ya Mlima Rwenzori, ambao kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Mtu akitajiwa Kasese huwaza theluji na majabali. Lakini mji wa Kasese wenyewe umekaa juu ya sakafu ya Bonde la Ufa, na barabara itokayo hapo kuelekea kusini hadi Kikorongo, kisha ikakata magharibi kwenda Bwera na mpakani Mpondwe, haipandi mlima huo hata kidogo. Huuzunguka miguuni pake. Ni mwendo wa karibu kilomita 60, lami tupu, na mwenye baiskeli nzima, asiye na haraka, huumaliza kwa saa nne au tano.

Maelfu ya askari wetu wamekwisha kuipita barabara hiyo. Wameipita ndani ya magari, usiku au mchana, bunduki mkononi, macho mbele. Ukiwauliza waliona nini, watakutajia vituo vya ukaguzi.

MJI WA SHABA NA RELI

Safari yafaa ianzie kwenye stesheni ya zamani. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, ikiwa ndiyo mwisho wa njia ya magharibi, na sababu yake ilikuwa moja: shaba ya Kilembe. Machimbo yale yapo kilomita chache tu juu ya mji, katika bonde la mto Nyamwamba, na yalianza kutoa mali mwaka huo huo. Shaba iliteremshwa Kasese, ikapakiwa katika mabehewa, ikasafirishwa kwenda Jinja kuyeyushwa. Kwa miaka mingi zao hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoiletea Uganda fedha za kigeni, baada ya kahawa na pamba. Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na garimoshi nalo likaacha kuja katika miaka ya 1990. Leo majani yameota kati ya mataruma, na mbuzi hujipumzisha pale abiria walipokuwa wakisubiri.

Mto Nyamwamba, kwa upande wake, haukustaafu. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, ulifurika ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwendesha baiskeli anaposimama kando ya mto huo ataona mawe makubwa kama ng'ombe aliyelala, yaliyobiringishwa na maji kutoka mlimani. Ndani ya gari mawe hayo ni mawe tu. Mtu akisimama karibu yake, mguu mmoja chini, huelewa mara moja kwa nini wananchi wa hapa hutazama mawingu ya Rwenzori kwa mashaka.

Toka mjini, njia hushika kusini ikipita Muhokya. Kulia kwako ni ukuta wa mlima. Kushoto nchi hufunguka ikaelekea Ziwa George. Uwanda huu ni nchi ya pamba na mahindi, na ni malisho ya ng'ombe wa Wasongora, wenye pembe ndefu. Wakonzo, ambao zamani walikaa zaidi milimani, wameteremka na kulima huku chini. Jamii hizo mbili zimekuwa na ugomvi wa ardhi wa muda mrefu, na askari polisi aliyewahi kutumwa kuamua kesi ya ng'ombe kuingia shambani anajua kwamba ng'ombe huwa si kiini cha kesi hiyo.

Karibu na njia panda ya Kikorongo ndipo mstari wa ikweta unapokatiza barabara, nao umewekewa alama ya duara. Watalii kutoka nchi za mbali hushuka kwenye magari wakapigwa picha. Askari naye ana haki ya kusimama mguu mmoja kaskazini mwa dunia na mwingine kusini. Kodi ya kutazama haijawekwa.

Lakini yafaa kutoa onyo. Sehemu hii yote imo pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na ndovu huvuka barabara wapendapo. Nyati na simba wapo pia. Baiskeli haina mlango wa kufunga. Basi mtu asipite hapo alfajiri wala magharibi, na akimwona ndovu kando ya njia asimpigie kengele wala asijaribu kumpita kwa kasi. Asimame mbali, asubiri lori au basi, alifuate nyuma. Nimewahi kungoja dakika arobaini pamoja na mchuuzi wa samaki aliyebeba tenga la ngege, mpaka mama ndovu aliporidhika kwamba mwanawe amekula vya kutosha. Mchuuzi yule hakulalamika. Alinieleza bei ya samaki katika ufuko wa Hamukungu na ule wa Kasenyi, na kwa nini yeye hununua hapa wala hanunui pale.

CHUMVI NA NGOME

Kusini mwa njia ya Bwera iko Katwe. Asiende huko kwa baiskeli peke yake, maana njia yakata katikati ya hifadhi, apande gari. Lakini asiache kwenda. Ziwa la chumvi la Katwe limo ndani ya shimo la volkeno ya kale, halina mto utokao, na jua limekausha maji yake karne baada ya karne. Watu husimama majini mpaka kiunoni wakivunja magadi kwa mitaimbo, na wengine hukausha chumvi katika vibwawa vya udongo vinavyorithiwa ndani ya ukoo. Serikali ilijenga kiwanda hapo katika miaka ya 1970. Maji ya chumvi yakaila mitambo, kikanyamaza. Vibwawa vya wananchi vingali vikifanya kazi.

Kwa mwanajeshi Katwe ina somo jingine. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipita huku akajenga ngome juu ya ziwa na kuiita Fort George. Hakuijenga kwa ajili ya mandhari. Chumvi ya Katwe ilikuwa hazina ya Mukama Kabalega wa Bunyoro, na aliyeikamata chumvi alimkata mpinzani wake mshipa wa fedha bila ya kupigana naye vita kubwa. Mahali pale palipewa bunduki kwa sababu ya kile kilichokuwa kikibebwa na watu wa kawaida vichwani mwao.

BAISKELI NA ASKARI

Wapo wanaodhani baiskeli ni chombo cha raia maskini na kwamba afisa akiipanda hujishushia cheo. Historia ya vita haikubaliani nao. Wajapani waliotua Malaya Desemba 1941 waliteremka rasi ile kwa maelfu ya baiskeli, na Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Huko Dien Bien Phu mwaka 1954, Wavietnam walisukuma baiskeli zilizopakiwa zaidi ya kilo 200 kila moja kupitia njia za msituni, na jeshi la Ufaransa lenye ndege likashindwa. Uswisi ilikuwa na kikosi cha baiskeli tangu 1891, ikakivunja mwaka 2003 tu.

Hata hivyo, jambo ninalolisema hapa ni la amani zaidi. Barabara hii ya Bwera ina kumbukumbu nzito. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka upande wa Kongo wakaishambulia Mpondwe. Mwezi Novemba 2016, mapambano mjini Kasese yaligharimu roho za watu zaidi ya mia moja, wakiwamo askari polisi. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha ilichomwa moto na kushambuliwa, wakafa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mgeni hatari apitapo vichochoroni usiku, wa kwanza kumwona si askari. Ni mama aliyetoka kuchota maji, au kijana arudiye shambani. Je, mama huyo atamwambia nani? Atamwambia mtu aliyewahi kumsalimu.

Salamu haitolewi kupitia kioo cha gari liendalo kilomita 80 kwa saa. Hutolewa na mtu aliye kwenye kimo chako, atokwaye jasho, aliyesimama kuziba pancha. Kuanzia Kinyamaseke, ambapo vijiji hukaribiana na njia huanza vimwinuko vidogo, askari aliye likizoni, aliyevaa nguo za kiraia na asiye na silaha, akisema "wabukire" kwa Lukonzo, ataitikiwa na mstari mzima wa watu. Asipokijua Kilukonzo, Kiswahili kitamfaa, maana wafanyabiashara wa Bwera hukisema kila siku na wenzao wa Kasindi. Labda ndiyo sehemu ya Uganda ambapo lugha yetu ya jeshi haiogopwi.

Nilipokuwa nikitia upepo gurudumu karibu na Bwera, mzee mmoja mwenye kahawa yake juani aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Mwanangu, ninyi huwa mnapita tu." Akaniletea bomba lake, kwa kuwa langu lilikuwa likivuja, na tukazungumza karibu saa nzima juu ya kahawa, vijana waendao Kongo kutafuta kazi, na njia za miguu za mlimani ambazo yeye alizipita utotoni.

Bwera yenyewe ni mji wa biashara: kahawa ya mlimani, vitenge, mbao, maharage, na malori yanayongoja zamu. Teremka hadi mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka, utazame ng'ambo. Huko utawaona vijana wa Kikongo wakisukuma chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli, kibebacho magunia kuliko punda. Hata neno bodaboda, ambalo sasa laitwa pikipiki kila mahali, lilizaliwa mpakani, kule Busia katika miaka ya 1960, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili.

Atakayelala Bwera na kurudi kesho yake aondoke saa mbili asubuhi, achukue mpira wa ndani wa akiba, viraka na maji lita tatu, ili aifikie sehemu ya hifadhi jua likiwa limekwisha kupanda na ndovu wamekwisha kwenda vivulini.