Mizani ya Baruti: Ipi ya Kuaminiwa?
Huko Marekani raia wengi hujaza upya maganda ya risasi nyumbani. Baruti hupimwa kwa greini, na greini 7,000 ni ratili moja. Ganda la bastola ya milimita 9 huingia greini 5 hivi tu. Kuzidisha moja ni kuzidisha sehemu ya tano, na silaha yaweza kupasuka mkononi. Ndugu askari hawahitaji kuelezwa maana yake.

Mizani ya betri husomeka upesi, lakini tarakimu zake huyumba kwa upepo wa feni. Sisi twaipendelea ya wenzo, yenye sumaku ya kuutuliza: ni ya polepole, ila haitegemei betri. Yoyote itakayochaguliwa, mnunuzi adai pia mawe madogo ya kuihakiki kila kabla ya kazi.