Mayi ya Kung'aa Yanaweza Kudanganya

Wababa, wamama, na ninyi vijana: tukitaka kujua kama mayi ni mazuri tunafanya nini? Tunayaangalia katika kopo, tunayanusa, tunaonja kidogo. Lakini kwa mayi ya karibu na mugodi wa urani njia hiyo haitoshe. Urani ikiyeyuka ndani ya mayi, jicho halione, ulimi hausikie.

Mfano tunao hapa Katanga. Kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, urani ilivumbuliwa mwaka wa 1915. Kazi iliposimama mwaka wa 1937, mayi yakajaza mashimo. Wakati wa vita Marekani wakataka urani ya kutengeneza bomu, na ikalazimu kwanza mayi yale yavutwe nje. Ndiyo kusema mugodi na mayi ya chini ya udongo ni majirani. Jiwe likipandishwa juu linakutana na hewa, na urani yake inayeyuka upesi zaidi. Mvua inapita ndani ya malundo ya mawe yaliyotupwa, inashuka polepole, na inaweza kufika kisimani miaka mingi nyuma ya kompani kufunga kazi.

Basi, mayi hayo yanapimwa namna gani?

Wenye ufundi wanachimba visima vyembamba vya kupimia. Kimoja kinawekwa upande mayi yanakotoka, mbele ya kufika mugodini. Vingine upande yanakokwenda, kuelekea vijiji. Kile cha kwanza ni cha lazima, kwa sababu udongo wa namna hiyo unaweza kutia urani katika mayi hata kama mutu hajachimba. Bila kisima hicho, kompani itasema, "Ni udongo", kijiji kitasema, "Ni kompani", na maneno hayataisha.

Kabla ya kujaza chupa, wanavuta kwanza mayi yaliyolala ndani ya bomba, mpaka mayi mapya yafike. Wanaandika jina la kisima, siku na saa, kisha chupa inakwenda labo. Halafu wanarudi kwenye visima vile vile, wakati wa mvua na wakati wa jua, mwaka kwa mwaka. Kipimo cha siku moja hakiseme kama ubaya unapanda ao unashuka.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mayi ya kunywa yasipite mikrogramu 30 za urani katika litre moja. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Urani ikizidi kwa muda mrefu inaumiza mafigo. Na mama asidanganyike: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoshe urani. Mayi yanapungua kwa mvuke, urani inabaki chunguni.

Jamaa inayoishi karibu na mugodi ina haki ya kuuliza: Kisima chetu kilipimwa lini? Walipata hesabu gani? Jibu la "mayi ni mazuri" halitoshe. Ombeni hesabu kwenye karatasi. Kijana mwenye kujua kuandika afungue kaye ya kijiji: tarehe, kisima, hesabu. Kaye hiyo ikae pahali pa salama, maana wakubwa wa kompani wanabadilishwa, lakini watoto wetu wataendelea kuteka mayi pale pale.