Dawa za Kupunguza Unene: Usijipe Mwenyewe

Wengi wetu tulizoea kufikiri kwamba unene ni alama ya mali na raha. Lakini unene mwingi huchosha moyo, hupandisha damu na huleta ugonjwa wa sukari. Ni vema kutaka kuupunguza. Lakini ukisikia kwamba iko dawa ya kazi hiyo, usikimbilie kuinunua. Dawa yenye nguvu ya kusaidia inayo nguvu ya kudhuru pia.

Fikiri jambo lililotokea Ufaransa. Tangu mwaka 1976 mpaka 2009 vidonge vilivyoitwa Mediator viliuzwa huko. Vilitolewa kwa wagonjwa wa sukari wenye unene, lakini watu wengi walivimeza ili wakonde tu. Vidonge hivyo viliharibu milango ya moyo, na mamia ya watu walikufa. Munganga mmoja wa mji wa Brest, mama Irène Frachon, aliona hatari hiyo kwa wagonjwa, akasema wazi. Mwaka 2021 mahakama ya Paris ilihukumu kampuni iliyovitengeneza. Hatari yenyewe ilikuja polepole, mtu asijue.

Dawa inayosemwa sana siku hizi ni semaglutidi. Ni ya namna nyingine, nayo imechunguzwa vizuri zaidi. Hupigwa kwa sindano chini ya ngozi mara moja kwa juma. Huiga ujumbe ambao matumbo hupeleka kwenye ubongo kusema kwamba mtu ameshiba, na hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu. Kwa sababu hiyo wengi husikia kichefuchefu, hutapika, huhara au hufunga choo, zaidi sana mwanzoni. Ndiyo maana munganga huanza na kipimo kidogo, miligramu 0.25, na kukiongeza kila baada ya majuma manne. Anayeruka vipimo ili akonde upesi anajitafutia mateso.

Tena dawa hii si ya kila mtu anayejiona mnene. Munganga hupima uzito na urefu pamoja. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa metre 1.60 huanza kufikiriwa akifika kilo 77, au kilo 69 hivi ikiwa ana ugonjwa wa sukari au damu kupanda.

Shika maneno haya:

1. Usitumie dawa ya jirani, wala ya sokoni, wala ile inayouzwa kwa simu. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya semaglutidi za uongo zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani.

2. Mwenye mimba asiitumie, wala anayenyonyesha. Anayetaka kupata mimba aiache miezi miwili mbele.

3. Mwambie munganga dawa zako zote. Ikiunganishwa na insulini au glibenklamidi, sukari yaweza kushuka mno. Ukitoka jasho, ukitetemeka na akili kuchanganyikiwa, kunywa maji ya sukari mara moja, kisha uje hospitali.

4. Kama utapasuliwa, sema mbele kwamba unatumia dawa hii, maana chakula chaweza kuwa bado tumboni.

Njoo hospitali upesi, usingoje kesho, ukiwa na maumivu makali ya tumbo yanayofika mgongoni, macho ya manjano, au kutapika hata maji hayakai. Hizo zaweza kuwa alama za ugonjwa wa kongosho, vijiwe vya nyongo, au mwili kukauka hata mafigo yakaumia.

Ujue pia kwamba dawa haimalizi kazi peke yake. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2022, watu walioiacha walirudishiwa karibu theluthi mbili za uzito waliopoteza, katika muda wa mwaka mmoja. Basi punguza mafuta, sukari na bia. Punguza bugali, ongeza sombe na maharagi. Tembea kwa miguu kila siku. Mungu alitupa mwili tuutunze kwa akili na uvumilivu, wala si kwa haraka.

Maulizo:
Kwa nini kipimo huanza kidogo?
Nani hawaruhusiwi kutumia dawa hii?
Ni alama gani zinazokuleta hospitali upesi?